Tarehe ya Cheo Ikikosewa: Namna ya Kuidai Bila Kuruka Ngazi

Barua ya kupandishwa cheo husomwa harakaharaka. Macho yanakimbilia neno "Meja" au "Luteni Kanali", simu inapigwa nyumbani, mbuzi anatafutwa. Tarehe iliyoandikwa katikati ya aya haiangaliwi na mtu mpaka siku orodha ya ukuu inapotoka, afisa anajikuta yuko chini ya mwenzake waliyetunukiwa kamisheni pamoja pale Monduli. Hapo ndipo manung'uniko yanapoanza, na kwa kawaida yanaanzia mahali pasipo pake: kwenye meza ya nyama choma Mwenge, jioni, mbele ya watu wasiohusika.

Jeshini tarehe ni mali. Maafisa wawili wa cheo kimoja wakikutana, mkubwa ni yule aliyetangulia kukipata. Tarehe hiyo inaweza kuamua nani apelekwe kozi ya ukamanda na unadhimu Duluti mwaka huu na nani asubiri, nani akaimu mkuu anapokuwa safarini, na nani afikiriwe kwanza nafasi inayofuata ikipatikana. Miezi sita iliyopotea kwenye Ukapteni inaweza kumfuata mtu mpaka siku ya kustaafu, kwa sababu kiinua mgongo na pensheni vinatazama cheo na mshahara aliofikia.

Jambo la kwanza, kabla hujaandika chochote, ni kujua unalalamikia tarehe ipi. Upandishaji mmoja unaweza kuwa na tarehe nne. Ipo ya juu kabisa kwenye barua, siku ilipoandikwa. Ipo ile inayofuata neno "kuanzia", ambayo ndiyo ya kuanza cheo. Ipo siku uliyovishwa, yenye picha na makofi. Na ipo siku mshahara mpya ulipoanza kuingia benki.

Chukulia Kapteni anayekaa Mwenge na kufanya kazi Lugalo, ambaye barua yake ilitoka akiwa Beni kwenye ulinzi wa amani. Barua imeandikwa tarehe 14 Machi, inasema cheo cha Meja kinaanza tarehe 1 Januari, akavishwa Juni aliporudi, mshahara ukabadilika Julai. Anakasirika kwamba "amecheleweshwa miezi sita". Kwenye cheo hajacheleweshwa hata siku moja, maana ukuu wake unahesabiwa tangu Januari. Anachodai ni malimbikizo ya mshahara, na hayo yana ofisi yake na karatasi zake. Akiandika kwamba ameonewa kwenye ukuu, barua itarudi na jibu fupi la kumkatisha tamaa, na pesa atakuwa hajazipata.

Tuseme sasa kwamba neno "kuanzia" lenyewe limebeba tarehe isiyo sahihi. Hapa kuna swali la pili, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kila kitu: ni kosa la kuandika, au ni uamuzi? Kosa la kuandika ni pale amri ya makao makuu inasema 1 Januari kwa kundi lenu zima, lakini karani aliyechapa barua yako akaweka 1 Julai. Hilo halina mjadala wa sifa wala uwezo wa mtu. Linahitaji karatasi mbili ziwekwe sambamba. Uamuzi ni pale waliokupandisha walikusudia Julai, kwa sababu kozi ulimaliza nyuma ya wenzako, au vipimo vya afya havikuwa tayari, au shauri la nidhamu lilikuwa bado halijafungwa. Uamuzi hauondoki kwa kusema "nilistahili mapema". Unaguswa ukionyesha kwamba utaratibu ulikiukwa, au kwamba sababu iliyotumika haikuwepo: shauri lilikuwa limefungwa na wewe ukaonekana huna hatia, au cheti cha kozi kilikuwa tayari kwenye faili.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya Katiba ya Tanzania yenyewe. Ibara ya 148 inayaweka madaraka ya kuteua viongozi wa majeshi ya ulinzi mikononi mwa Amiri Jeshi Mkuu. Mnadhimu wa kikosi anaweza kuripoti kwamba karani amekosea. Hawezi kugeuza kilichoamuliwa na walio juu yake. Usimwombe jambo lisilo mkononi mwake, wala usimchukie kwa kulikosa.

Karatasi zako zikusanye mapema: barua ya kupandishwa, barua ya cheo cha nyuma, cheti cha kamisheni, vyeti vya kozi, hati za mshahara za miezi ya kabla na baada, na kama ulikuwa nje ya nchi, barua ya kwenda na ya kurudi. Zipange kwa tarehe, ya zamani juu. Kosa la kawaida ni kutaka kujithibitisha kwa nyaraka za watu wengine, au zenye muhuri wa SIRI. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haina huruma na anayetoa au kupokea nyaraka za siri bila idhini. Usizipige picha kwa simu, hata kama jina lako limo ndani. Taja namba ya kumbukumbu na tarehe yake, kisha uiombe ofisi yenye faili ilinganishe yenyewe. Wanaoruhusiwa kulifungua watalifungua.

Na hapa nina neno kuhusu maduka ya stesheneri ya Mwenge. Kijana pale kituoni atakuchapia barua kwa dakika chache, atatoa kopi, atakupa na bahasha. Faili lako litabaki kwenye kompyuta ya duka, na kesho mteja mwingine anayetafuta barua yake ya kuomba kazi atalifungua akisome cheo chako, namba yako ya jeshi na kikosi chako. Chapa ofisini, au andika kwa mkono. Mwandiko safi haujawahi kumfanya mtu akose haki.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Iende kwa Mkuu wa Utumishi Jeshini, na chini ya anwani pawepo "K.K." (kupitia kwa) ya Mkuu wa Kikosi chako. Mstari wa "YAH" useme jambo moja tu: maombi ya kurekebishwa tarehe ya kuanza cheo. Kisha ingia kwenye ombi bila kuzunguka, kwa mfano: "Ninaomba tarehe ya kuanza cheo changu cha Meja, iliyoandikwa 1 Julai kwenye barua yenye kumbukumbu iliyotajwa hapo juu, irekebishwe isomeke 1 Januari, ambayo ndiyo tarehe iliyomo kwenye amri ya upandishaji wa kundi letu." Baada ya hapo weka ushahidi kwa aya zenye namba, orodha ya viambatisho, sahihi. Maneno kama "nimeonewa", "kuna watu", "inajulikana wazi" yatoe. Hata kama ni kweli kuna watu, aliye mezani hawezi kuwarekebisha kwenye barua ya tarehe.

Wenzako unaojilinganisha nao usiwaseme vibaya. Ombi lako likikubaliwa, kuna mtu atashuka hatua moja kwenye orodha, naye anaweza kuitwa ajieleze. Siku moja mtafanya kazi pamoja.

Itoe barua kwa mkono, na kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio shahidi wako. Kisha kaa na mnadhimu uisome Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, iliyotungwa mwaka 1966, pamoja na kanuni zake, ujue malalamiko ya mwanajeshi yanapandaje na kwa muda gani. Jibu lisipokuja, mkumbushe aliye ngazi ile ile kwa barua ya pili inayotaja ya kwanza. Usimrukie mkubwa wake. Wapo wanaoona kufuata ngazi ni kuzungushwa. Kwenye jambo hili sikubaliani nao: kila ngazi uliyoiruka inampa anayekujibu sababu ya kulirudisha faili bila kulisoma.

Lugalo yenyewe inajua manung'uniko ya vyeo yakikosa njia yanafika wapi. Tarehe 20 Januari 1964 kambi hiyo, enzi hizo ikiitwa Colito, iliasi kwa madai ya mishahara na ya Waafrika kupewa vyeo vya uafisa vilivyokuwa vimeshikwa na Waingereza. Siku 5 baadaye uasi ulizimwa na makomando wa Uingereza, jeshi la enzi hizo likavunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huo huo.

Nje ya jeshi, milango ni michache kuliko watu wanavyodhani. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, si yako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawatoa wazi wanajeshi wa JWTZ, pamoja na polisi, magereza na JKT. Kenya nako Sheria ya Ajira ya 2007 haiwagusi wanajeshi. Kundi la WhatsApp na mwandishi wa habari si milango kabisa. Ni njia ya kugeuza dai la tarehe kuwa shauri la nidhamu.

Mlango unaobaki ni Mahakama Kuu, kwa maombi ya mapitio. Unaanza kwa kuomba kibali, na kanuni za mwaka 2014 zinataka ombi hilo lifunguliwe ndani ya miezi 6. Mahakama itakuuliza kwanza kama umezimaliza njia za ndani, ndiyo maana ile mihuri ina thamani. Mahakama yenyewe haikupandishi cheo. Inaangalia kama uamuzi ulifuata sheria, na ikiona haukufuata inaweza kuutengua au kuamuru ufanywe upya. Tafuta wakili aliyewahi kushughulikia mapitio, si yule wa viwanja tu.

Wenzetu wa nje wana muda wao: Uingereza mwanajeshi ana miezi 3 ya kuwasilisha lalamiko, Kanada vilevile, na Marekani bodi za kurekebisha kumbukumbu za kijeshi zinapokea maombi ndani ya miaka 3 tangu kosa kugundulika. Kote huko anayechelewa hutakiwa kueleza kwa nini amechelewa.

Piga hesabu pia kabla ya kusaini. Pale ambapo muda wa kukaa kwenye cheo umewekewa ukomo, tarehe ya mapema inakusogeza mbele kwenye orodha na papo hapo inausogeza karibu ustaafu wako. Kwa Meja kijana ni faida. Kwa Luteni Kanali anayekaribia mwisho, inaweza kuwa ameomba kwenda nyumbani mapema.

Afisa akifariki kabla dai halijaisha, mjane asikimbilie kambini na kilio peke yake. Aanze mahakamani apate barua ya usimamizi wa mirathi, kisha aandike kama msimamizi, akiambatisha zile zile kopi zenye muhuri. Kwa hiyo mwonyeshe mkeo faili lilipo leo, ukiwa hai na una nguvu.

Na likija jibu la kukataa, usilitupe kwa hasira. Litunze pamoja na bahasha yake. Miezi 6 ya Mahakama Kuu inahesabiwa tangu siku ya uamuzi, si siku utakapopata nafasi ya kumtafuta wakili.