MAJIVU NDANI YA BOILA: SOMO KWA WACHOCHEA MOTO



Sisi wa Asiatique, hapa Bujumbura, tunawaandikia ninyi mnaochochea moto, hasa ndugu zetu wa viwanda vya chai vya Teza na Rwegura, ambako kuni huchomwa ili kukausha chai. Somo hili linawafaa pia wanaotumia makaa ya mawe, kama yale ya Kiwira, Tanzania.

Majivu hutoka wapi? Ndani ya kuni na makaa mna madini yasiyoungua. Sehemu huanguka chini ya jiko, na sehemu huchukuliwa na moshi. Penye moto mkali sana, majivu huyeyuka, yakaganda kama jiwe. Mbele zaidi, moshi ukipoa, chumvi zilizomo hufanya utando unaonata juu ya mabomba, na majivu makavu hushikwa hapo.

Ubaya wake ni nini? Chuma hupitisha joto upesi, lakini majivu hulizuia kama blanketi. Maji hayapati joto, mvuke unapungua, nasi tunaamriwa kuongeza kuni. Joto linapotea na moshi.

Boila ikiwaka hatuwezi kuchungulia ndani. Wahandisi hukadiria kwa kompyuta joto ambalo mabomba safi yangepokea, kisha hulilinganisha na lililopokelewa kweli. Upungufu huonyesha uchafu. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa daftari. Siku boila imesafishwa, andika joto la moshi, nguvu ya mvuke na kuni zilizotumika. Endelea kila zamu, kazi ikiwa ya kiasi kilekile. Tuseme moshi ulikuwa digrii 200, sasa ni 260. Kwa kawaida, kila digrii 20 zinazoongezeka hupoteza karibu sehemu 1 kati ya 100 ya joto la kuni. Basi sehemu 3 zimekwenda hewani.

Daftari hili ni ngao yetu pia. Katika kiwanda kimoja tulimwona ndugu yetu akiungua mikono na uso. Mvuke ulikuwa umepungua usiku, akaamriwa kukwangua majivu kabla boila haijapoa. Msimamizi alisema hakuna aliyejua kwamba mabomba yamejaa. Kama joto la moshi lingeandikwa, lingejulikana mapema, na siku ya kusafisha ingepangwa.

Basi tukumbuke:

1. Boila izimwe na ipoe kabla ya kusafishwa.
2. Tusimwage maji juu ya majivu ya moto. Hugeuka mvuke mara moja na kuturukia.
3. Mtu asiingie ndani peke yake, wala kabla hewa safi haijapitishwa.
4. Vumbi la majivu hudhuru mapafu. Tudai vitambaa vya kufunika pua, miwani na glavu.

Maswali ya kujadiliana: Je, boila yenu ina kipimajoto cha moshi? Nani huandika? Ilisafishwa lini mara ya mwisho, na ilikuwa imepoa?

Leteni majibu katika mkutano wa tawi. Neno la mdomo hukanwa, lakini lililoandikwa hubaki.