Nimegeuzwa 'mrembo wa gereji'

*Shangazi, mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mwanza. Mwandishi wa gazeti alikuja gereji akanipiga picha nyingi nikiwa kazini. Iliyotoka ni ile aliyoniomba nijitazame kwenye kioo cha gari nikipaka rangi ya mdomo, na kichwa chake 'Mrembo wa Gereji'. Sasa watu wanakuja kupiga selfi na mimi, magari wanampa kaka wa pembeni. Kituo cha televisheni nacho kinanitaka. Nikatae?*

Mwanangu, usikatae. Ukijificha, watu watabaki na picha ile moja. Ila safari hii nenda na masharti.

Wakurekodi umefungua oltaneta, testa mkononi, ovaroli na grisi yake. Wakikuomba upozi, waambie kwa upole kuna gari la mteja linasubiri. Rangi ya mdomo ipake ukipenda, mradi isiwe ndiyo habari.

Watakuuliza mumeo anasemaje na watoto analea nani, maswali ambayo kaka wa pembeni haulizwi. Jibu kwa ufupi, kisha waeleze kwa nini betri mpya inakufa mapema. Wanawake wanaoitwa kueleza jambo kitaalamu bado ni wachache. Utafiti wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari (GMMP) wa mwaka 2020, uliohusisha nchi 116, ulikuta kuwa kati ya wataalamu waliohojiwa kwenye habari, wanawake walikuwa asilimia 24 tu.

Sifa za kamera usizitegemee lakini. Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabango yalimtukuza mwanamke wa kiwandani kwa sababu wanaume walikuwa vitani. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wengi waliachishwa kazi, na matangazo yakawa ya mama mwenye furaha jikoni. Picha humfuata anayeilipia. Kwa hiyo piga zako mwenyewe: waya ulivyokuwa umeungua na ulivyouweka sawa. Weka 'status' pamoja na namba yako. Wa selfi nao wapimie betri kwa bei uliyobandika ukutani. Wengine watageuka wateja.

Gazeti lile usiliache hivihivi. Mwandikie mhariri, mweleze kuwa picha za kazi zilikuwapo zikaachwa, uombe itolewe nyingine. Akinyamaza, Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko ya maadili. Barua ya mhariri itume kabla ya siku ya kurekodi, na nakala yake mwonyeshe mtayarishaji wa kipindi. Atajua mapema anakuja kumhoji nani.