Mgawo wa Umeme Ukifika Bungeni: Mwongozo wa Mwananchi Kuhusu Miswada ya Nishati

Umeme ukianza kukatwa kwa zamu, habari mbili hufuatana. Ya kwanza ni ratiba ya mgawo: mtaa gani utakosa umeme, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Ya pili husikika baadaye kutoka Dodoma: muswada unapelekwa bungeni, au wabunge wanataka sheria ibadilishwe. Ile ya kwanza tunaisoma kwa makini, maana inagusa friji, saluni na mashine ya kusaga. Ya pili wengi wetu tunaipita tukidhani ni mambo ya wakubwa. Makala haya yanahusu hiyo ya pili. Mgawo huisha mvua zikijaza mabwawa au mtambo mpya ukiwashwa, lakini sheria na mikataba iliyozaliwa wakati wa mgawo hubaki, na sisi ndio tunaoilipia kwa miaka. Upo muda mfupi ambao neno lako linaweza kuingia katika sheria hiyo, na kulisema hakukudai fedha nyingi wala shahada ya sheria.

Muswada ni kitu gani?

Muswada ni rasimu ya sheria, yaani andiko ambalo bado linajadiliwa. Unaweza kupunguzwa, kuongezwa au kukataliwa. Ukishapitishwa na Bunge na kutiwa saini na Rais, unakuwa sheria, na kuubadilisha kunahitaji muswada mwingine. Mara nyingi muswada huletwa na Serikali kupitia waziri. Mbunge naye anaweza kuleta wake, unaoitwa muswada binafsi, ila Katiba ina mpaka. Kwa Ibara ya 99, jambo la kutoza kodi au kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina halishughulikiwi na Bunge mpaka Rais alipendekeze kupitia waziri. Kwa hiyo mbunge akikuahidi jambo la kutumia fedha za Hazina kwa muswada wake mwenyewe, mwulize atapitaje hapo.

Mbona mambo haya yananihusu?

Chukua risiti yako ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwa viwango vya mwaka 2024, mteja wa kawaida aliyelipa Sh292 kwa uniti kabla ya kodi, akinunua umeme wa Sh10,000, alipata uniti 28 na chenji kidogo. Juu ya hiyo Sh292 kulikuwa na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Tozo ya umeme vijijini inayoandikwa REA, asilimia 3. Na ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Mwezi uliokatwa kodi ya jengo, Sh1,500 zilitoka kwanza, naye akabaki na uniti 23.9 hivi. Kodi hiyo iliingia kwenye LUKU mwaka 2021 kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, ikiwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaipandisha. Mara zote mbili ilianza kama muswada uliowekwa wazi kabla ya kupitishwa.

Historia nayo inafundisha. Ukame wa miaka ya 1990 ulipokausha mabwawa, nchi iliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL mwaka 1995 kwa mitambo ya megawati 100. Mitambo hiyo ilianza kuzalisha mwaka 2002, miaka mingi baada ya shida iliyoileta. Mkataba wake ulikuwa na malipo ya kukaa tayari, yaani fedha ambazo mwenye mtambo hulipwa hata kama mtambo haukuwashwa. Novemba 2014, Bunge lilikuwa bado linajadili fedha za akaunti ya Escrow zilizotokana na mgogoro wa mkataba huohuo. Ukame wa 2006 ulileta mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond, na taarifa ya Kamati Teule ya Bunge iliyouchunguza, ikiongozwa na Harrison Mwakyembe, ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Julai 2011, katikati ya mgawo mwingine, wabunge waligoma kupitisha bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaomba muda, na Agosti wizara ikarudi na mpango wa dharura wa umeme. Ukiisoma historia hiyo utaona kwamba Bunge lina nguvu, na kwamba linachokiruhusu kwa haraka hukaa nasi muda mrefu.

Nitajuaje kama jambo langu ni la Bunge?

Si kila shida ya umeme inakwenda Dodoma. Umeme ukikatika nje ya ratiba, au nguzo ikianguka, hilo ni la TANESCO, shirika la umeme: piga 180 bila malipo na uandike namba ya taarifa utakayopewa. Bei ya uniti haipangwi na Bunge. Huidhinishwa na EWURA baada ya kuwasikiliza wananchi. Malalamiko ambayo TANESCO haikuyamaliza hupelekwa EWURA. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuyaandika, liko baraza la kuwatetea watumiaji, EWURA CCC, na huduma yake ni bure. Usiporidhika na uamuzi wa EWURA, rufaa huenda Baraza la Ushindani. Yanayobaki kwa Bunge ni kodi na tozo, mamlaka ya waziri, sifa za anayepewa leseni, na masharti ya kununua umeme.

Hatua ya kwanza: upate muswada wenyewe

Usiridhike na kipande kilichosambazwa WhatsApp. Muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali na huwekwa kwenye tovuti ya Bunge, bunge.go.tz, sehemu ya miswada. Kuupakua ni bure. Utalipia bando lako tu, na kurasa utakazochapisha steshenari. Usipokuwa na simu ya intaneti, iombe ofisi ya mbunge wako nakala. Tangu mwaka 2021, baada ya sheria kurekebishwa, Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba haukuhusu kwa sababu ni wa Kiingereza.

Angalia pia jina. Mabadiliko ya umeme hayaji kila mara katika muswada wenye neno umeme. Yanaweza kuwa ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha, unaofika bungeni kila Juni, au ndani ya Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambao hukusanya sheria nyingi kwa pamoja. Tafuta ndani yake maneno "Sheria ya Umeme", "EWURA" na "Nishati Vijijini".

Hatua ya pili: usome kwa maswali manne

Anza na maelezo yaitwayo Madhumuni na Sababu. Hapo Serikali inaeleza kwa lugha nyepesi inachotaka na kwa nini. Ndipo urudi kwenye vifungu, ukiwa na maswali manne yanayoufaa muswada wowote wa wakati wa shida:

1. Nani atalipa? Ni mteja kupitia LUKU, ni Hazina, au ni mkopo?
2. Mpaka lini? Kama ni hatua ya dharura, imewekewa tarehe ya mwisho?
3. Nani anapewa mamlaka mapya, na nani anamkagua? Tazama maneno "Waziri anaweza" na uone kama kuna masharti yanayofuata.
4. Mkataba utaonekana wapi? Je, utapelekwa bungeni, au utabaki ndani ya ofisi?

Kifungu kisichojibu maswali haya ndicho cha kukiandikia maoni.

Hatua ya tatu: ujue muda uliobaki

Kwa kawaida Bunge hukutana mara nne kwa mwaka: kuanzia mwisho wa Januari, kisha Aprili hadi Juni kwa bajeti, kisha Agosti au Septemba, na tena kuelekea Novemba. Muswada ukisomwa mara ya kwanza, kinachosomwa ni jina lake tu. Baada ya hapo unakwenda kwenye kamati, na hapo ndipo wananchi na wataalamu husikilizwa. Huo ndio mlango wako. Kamati ikishamaliza taarifa yake, muswada unarudi ukumbini kusomwa mara ya pili, na kuanzia hapo wanaosema ni wabunge peke yao.

Wakati wa shida mlango huo hufunguliwa kwa muda mfupi zaidi. Serikali inaweza kuleta muswada kwa hati ya dharura, yaani hati inayosainiwa na Rais kueleza kwamba jambo haliwezi kusubiri. Muswada wa namna hiyo unaweza kusomwa na kupitishwa ndani ya mkutano mmoja wa Bunge. Julai 2015 miswada mitatu ya mafuta, gesi na uwazi katika sekta ya uchimbaji ilipita kwa njia hiyo, huku wadau wakilalamikia ufinyu wa muda. Kwa hiyo ukisikia maneno "hati ya dharura", usingoje wiki ijayo. Usome muswada siku hiyohiyo na uandike kesho yake.

Hatua ya nne: andika maoni mafupi

Ukurasa mmoja unatosha. Andika wewe ni nani, kifungu kipi, tatizo ni nini, na maneno unayotaka yawekwe. Kamati hupokea makaratasi mengi, na linalosaidia zaidi ni lile linalopendekeza maneno. Tuchukulie muswada unasema waziri anaweza kuruhusu ununuzi wa umeme wa dharura bila zabuni ya ushindani. Fundi wa kuchomelea anaweza kuandika hivi:

"Mimi ni fundi wa kuchomelea, ninategemea umeme kila siku. Kifungu cha 12 hakisemi mkataba wa dharura utakwisha lini. Nahofia tutaendelea kuulipia hata mabwawa yakijaa. Napendekeza kiongezwe kifungu kidogo: mkataba wa dharura hautazidi miezi kumi na miwili, na nakala yake itawasilishwa bungeni kabla ya malipo ya kwanza."

Usitukane na usimtuhumu mtu kwa jina. Eleza hasara unayoijua kwa hesabu zako: saa ulizopoteza, mafuta ya jenereta uliyonunua, nyama iliyoharibika. Hakuna mtaalamu anayeijua hasara hiyo kuliko wewe.

Hatua ya tano: yapeleke

Tangazo la kukusanya maoni hueleza tarehe na anwani ya kamati. Lifuate neno kwa neno. Usipoliona, andika kwa Katibu wa Bunge, S.L.P. 941, Dodoma, ukitaja jina la muswada na kamati inayoushughulikia. Mpe nakala mbunge wako na mbunge wa viti maalumu wa mkoa wako. Barua ya chama cha mafundi, ya kikundi cha wanawake wa VICOBA au ya wafanyabiashara wa soko, yenye sahihi za wengi, ina uzito kuliko ya mtu mmoja.

Ukitaka kusema mwenyewe mbele ya kamati, utajigharimia safari. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh31,000 kwenda tu, kwa hiyo kikundi kinaweza kuchanga na kumtuma mmoja. Beba kitambulisho, uvae mavazi ya heshima, na uende na nakala kadhaa za maoni yenu. Kuingia hakulipiwi. Mtu akikudai fedha ili "akufikishe kwa kamati", mkatalie.

Hatua ya sita: ufuatilie mpaka mwisho

Muswada ukisomwa mara ya pili, waziri hueleza, kamati husoma maoni yake, na wabunge huchangia. Kisha Bunge hukaa kama kamati na kupitia kifungu kimoja kimoja. Hapo mbunge huleta jedwali la marekebisho, orodha ya maneno anayotaka yabadilishwe. Mpigie mbunge wako kabla ya hatua hiyo umwombe aweke pendekezo lako kwenye jedwali. Baada ya kusomwa mara ya tatu, muswada hupelekwa kwa Rais, ambaye anaweza kuusaini au kuurudisha pamoja na sababu. Sheria huanza kutumika ikichapishwa katika Gazeti la Serikali, au tarehe nyingine itakayotajwa. Usiishie hapo, maana mambo mengi ya kila siku hupangwa na kanuni, yaani maelekezo ambayo waziri au EWURA hutunga chini ya sheria.

Na walio Zanzibar na Kenya?

Zanzibar ina utaratibu wake: ZECO husambaza umeme, ZURA hudhibiti, na miswada hupita Baraza la Wawakilishi. Pelekeni maoni huko, kwa mwakilishi wa jimbo lenu. Nchini Kenya, Ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria, na Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Maswali manne yaliyotajwa juu yanafaa pande zote.

Nianzie wapi leo?

Usingoje giza. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, lakini miswada ya nishati haijaisha, na sheria nzuri huandikwa watu wakiwa wametulia. Wiki hii fanya mambo matatu: weka namba ya ofisi ya mbunge wako kwenye simu, fungua tovuti ya Bunge uone miswada iliyopo, na ukubaliane na wenzako wa kikundi nani atakuwa anaifuatilia. Muswada ujao ukifika, muwe mmejipanga, na msikubali dharura yoyote iandikwe katika sheria bila tarehe ya mwisho.