Safari ya Kericho na Bomet pamoja na mbwa: Mambo ya kuzingatia kabla ya kung'oa nanga

Shule zinapofungwa, jamaa nyingi za mjini hupakia mizigo garini na kuelekea mashambani. Baadhi huenda kuwaona wazee. Wengine huenda kupunga hewa tu, na ni mahali pachache panapoburudisha macho kama vilima vya Kericho na Bomet, ambako majani chai yametanda kama mkeka wa kijani kibichi pande zote mbili za barabara. Wako pia wanaosafiri na hema, au kwa gari lililowekwa kitanda na jiko ndani, wakilala popote wanapokaribishwa. Na kwa kuwa nyumbani hapabaki mtu wa kumlisha mbwa, naye hupandishwa garini.

Hakuna ubaya wowote kusafiri na mbwa. Hata hivyo, ni muhimu ujue ya kwamba mbwa anaweza kubeba maradhi kutoka mjini akayapeleka mashambani, na anaweza pia kuyaokota huko akaja nayo hadi sebuleni mwako. Huko Uskoti, watu huzunguka milimani kwa magari ya kulala wakiwa na mbwa wao, na hofu yao kubwa ni kupe. Uingereza iliumaliza ugonjwa wa kichaa cha mbwa miongoni mwa wanyama wa nchi kavu mwaka wa 1922. Sisi huku tuna kupe na tuna kichaa cha mbwa vilevile. Kwa hivyo, anayesafiri na mbwa katika nchi yetu sharti ajiandae zaidi.

KICHAA CHA MBWA NI UGONJWA GANI?

Ugonjwa huu husababishwa na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Kirusi hicho huingia mwilini kupitia jeraha la kuumwa, mkwaruzo, au mate yanapogusa kidonda, macho au midomo. Kikishaingia, husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja au hata zaidi ya mwaka.

Hapo ndipo penye hatari. Jeraha hupona, mtu husahau, naye huendelea na kazi zake. Kisha mahali palipoumwa huanza kuwasha au kufa ganzi, homa hupanda, na mgonjwa hushindwa kumeza, hivi kwamba akiona maji tu koo hukaza na mwili kutetemeka. Dalili hizi zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufariki. Hakuna tiba inayotegemewa katika hatua hiyo.

Nchini Kenya, ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kutokana nao kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huwa wameambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mzazi, takwimu hiyo ikae akilini mwako unapopanga safari ya likizo.

KABLA YA SAFARI

Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuondoka. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa anapotimiza miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari atakavyoagiza. Usingoje hadi siku ya kuondoka, kwa sababu mwili wa mbwa aliyechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji wiki tatu au nne kujenga kinga. Beba cheti cha chanjo. Uliza pia kama kuna karantini ya mifugo au mbwa katika sehemu unayoendea, kwani ikiwepo hutaruhusiwa kumwingiza au kumtoa.

Mpe mbwa dawa ya minyoo, na mpake au umwogeshe dawa ya kuua kupe. Usitumie dawa ya kuoshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Wako mbwa waliokufa kwa sababu mwenyewe alitaka kuokoa shilingi chache.

NJIANI

Ukipitia Mai Mahiu na Narok hadi Bomet, utashuka kwanza katika Bonde la Ufa, ambako jua huwa kali. Mbwa hatoi jasho kama binadamu. Hupoza mwili kwa kuhema akiwa ametoa ulimi. Ukimfungia ndani ya gari lililoegeshwa huku mkila nyama choma, unamweka katika tanuri. Hata nje kukiwa na nyuzi 21 tu, joto ndani ya gari linaweza kufikia nyuzi 32 katika dakika 10 na kukaribia 40 katika nusu saa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana. Mtoto mdogo naye asiachwe humo kamwe.

Mbwa akianza kuhema kwa nguvu mno, kudondosha mate mazito, kuyumbayumba au kutapika, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwilini na umpepee, umpe maji ya kunywa kidogo kidogo, kisha umtafutie daktari.

Gari likienda, mbwa asikae mapajani mwa dereva wala asiachwe akirukaruka. Mfunge kiti cha nyuma kwa mkanda wake. Mkitaka kumpumzisha, ingieni katika kituo cha mafuta, wala msisimame kando ya barabara. Wengi wetu tunakumbuka tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowavamia watu waliokuwa kando ya barabara katika makutano ya Londiani, kwenye njia ya kwenda Kericho, na zaidi ya watu 50 wakafariki.

Jambo jingine: usidhani ya kwamba kutoka Bomet utapitia Maasai Mara ukiwa na mbwa. Mbuga na hifadhi za wanyamapori si mahali pa kuingiza mbwa.

MKIFIKA MASHAMBANI

Mashamba makubwa ya majani chai ni mali ya watu na makampuni. Omba ruhusa kabla ya kutembea humo au kupiga hema. Mfunge mbwa ukamba wakati wote. Mchumaji majani aliyebeba kikapu mgongoni, akiwa katikati ya michai inayomfika kiunoni, hana pa kukimbilia mbwa wako akimrukia. Hajui kama amechanjwa, wala hana sababu ya kukuamini ukimwambia, "Haumi huyu!"

Vilevile, mbwa wako anaweza kuumwa na mbwa wa kuzurura, bweha au nguchiro. Wanyama hawa wote wanaweza kubeba kichaa. Mnyama wa porini anayekukaribia mchana bila woga usimfurahie, ondoka. Mbwa anayedondosha mate, aliyelegea taya, anayebweka kwa sauti iliyobadilika au anayeng'ata mawe na vijiti bila sababu, usimsogelee hata kidogo. Piga ripoti kwa chifu au ofisi ya mifugo iliyo karibu. Kumbuka pia ya kwamba si kila mbwa mwenye kichaa huwa mkali. Wengine hunyamaza na kujificha gizani, na mtoto humhurumia akaenda kumpapasa.

Waambie watoto mapema wasicheze na mbwa wa wenyeji wala vitoto vyake. Waambie pia, kwa upole, kwamba wakiumwa au kukwaruzwa hawatachapwa. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa kugombezwa, na kufichwa huko ndiko kunakowaua.

Kupe nao wamejaa katika nyasi za malisho, maana hii ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Kupe wa mbwa anaweza kumwambukiza binadamu homa ya kupe: kichwa huuma, homa hupanda, vipele hutokea, na mara nyingi kidoti cheusi huonekana mahali kupe alipouma. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa za antibiotiki ukigunduliwa mapema. Kila jioni mkague mbwa masikioni, makwapani na katikati ya vidole. Kupe mng'oe kwa kibano, ukimshika karibu na ngozi na kumvuta moja kwa moja. Usimpasue kwa kucha wala kumchoma kwa moto.

Mkichinja kondoo, msimtupie mbwa maini wala mapafu mabichi. Humo hukaa vifuko vya tegu mdogo ambaye hukomaa tumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka kwa kinyesi, hunata kwenye manyoya, na mtu akimpapasa mbwa kisha ale bila kunawa, anaweza kuota vifuko vya maji katika ini au mapafu, vinavyohitaji hata upasuaji. Choma au zika sehemu hizo, na kila mtu anawe mikono kabla ya kula.

UKIUMWA, FANYA HIVI

Kwanza, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Tazama saa. Dakika hizo ni nyingi kuliko unavyofikiri, lakini sabuni hukiharibu kirusi, na hii ni dawa iliyo ndani ya uwezo wa kila mtu, hata asiye na senti.

Pili, paka dawa ya iodini au spiriti kama unayo. Usipake pilipili, mafuta, udongo, kinyesi cha ng'ombe wala majani yaliyotafunwa. Usifunge jeraha kwa nguvu, na usikubali lishonwe upesi kabla daktari hajalichunguza.

Tatu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Zahanati nyingi ndogo hazina chanjo, kwa hivyo piga simu kwanza au nenda moja kwa moja hospitali kubwa. Katika eneo hili kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, Kapkatet, Longisa na Tenwek. Andika nambari zao za simu kabla ya kuondoka nyumbani. Ukikuta chanjo imekwisha, uliza ilipo, kisha uendelee na safari ya kuitafuta usiku huo huo.

Chanjo hutolewa kwa awamu, kuanzia siku ya kwanza na kuendelea kwa muda wa wiki kadhaa. Kwa jeraha kubwa, hasa la kichwani, usoni au mikononi, daktari huongeza sindano ya kingamwili kwenye jeraha lenyewe. Usikatize ratiba kwa sababu likizo imekwisha. Unaweza kumalizia mjini ukiwa na kadi yako. Sindano hizi hazichomwi tumboni kama zamani. Hutiwa begani, na mama mjamzito pia anaweza kuzipata.

Nne, kama mbwa aliyekuuma anajulikana, asiuawe ovyo. Afungwe na kutazamwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na kirusi katika mate alipokuuma, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Lakini usingoje siku hizo zipite ndipo uanze. Chanjo huanza leo, mbwa hutazamwa huku ukiendelea nayo.

USIKU WA BARIDI

Kericho iko katika mwinuko wa takriban mita 2,000, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri na pengine pamoja na mawe. Usiku kuna baridi. Baridi hii imewatia wageni katika kishawishi cha kuingiza jiko la makaa ndani ya hema au gari na kufunga kila mahali. Usifanye hivyo kamwe. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Mbwa naye hufa kando ya bwana wake. Pikeni nje, zimeni moto, kisha mjifunike blanketi za kutosha.

MKIRUDI NYUMBANI

Mkague mbwa tena kwa kupe, umwogeshe, na ufue matandiko yake. Kama aliumwa na mnyama yeyote safarini, mjulishe daktari wa mifugo hata kama amechanjwa. Mtu akipata homa katika wiki zinazofuata, amweleze daktari kwamba alikuwa mashambani na mbwa. Bila habari hiyo, homa ya kupe inaweza kudhaniwa kuwa malaria.

Mwaka wa 2014 Kenya ilijiwekea shabaha ya kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Wataalamu wanasema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupitia. Msomaji, huwezi kuchanja mbwa wote wa Kericho na Bomet, lakini yule aliye uani mwako unaweza. Kabla hujatia petroli, kitafute cheti chake. Kama hukioni, au tarehe yake imepita, ahirisha safari hadi achanjwe.