Jiwe la Chokaa Linakuwa Dawa ya Shamba Namna Gani?



Huku Mavivi tunalima muhogo na maharagi. Udongo ukiwa mchachu, muhogo unavumilia, lakini maharagi yanadumaa hata kama mvua iko ya kutosha. Kwa nini? Mvua nyingi inaosha kalsiamu na kuipeleka chini. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini ya udongo inaanza kuyeyuka, nayo inaharibu mizizi.

Dawa ni jiwe la chokaa. Mapango ya Mlima Hoyo, upande wa Komanda, yako ndani ya jiwe hilo. Lakini pale ni mahali pa kulindwa, si pa kuchimba. Ng'ambo ya Ruwenzori, kule Hima katika Uganda, linatumika kwa saruji. Kulichoma kunaomba joto la karibu digrii 900, maana yake kuni mingi. Kulisaga kunaacha miti yetu.

Sasa tupige hesabu. Jiwe la pande sita sawasawa, kila upande sentimita 1, lina uso wa sentimita mraba 6. Tukilipasua vipande vya milimita 1, tunapata vipande 1,000, na uso wote ni 60. Tukifika milimita 0.1, ni vipande milioni 1, na uso ni 600. Uzito ni uleule, lakini udongo unaligusa mara 100 zaidi.

Kwa hiyo mashini inafanya kazi mbili. Taya mbili za chuma zinavunja mawe makubwa. Kisha nyundo zinazozunguka ndani ya sanduku la chuma zinasaga kokoto, na unga unapita katika bati lenye matundu. Nyundo zinaweza kukatwa katika resori nzee za lori. Tusisage mawe katika mashini ya muhogo: nyundo zitakwisha upesi, na mchanga utaingia katika chakula.

Tupime mambo matatu:

1. Jiwe. Tudondoshe maji ya ndimu juu ya unga wake. Chokaa inatoa povu. Jiwe jeupe la kawarizi halitoi.

2. Unga. Tupime gramu 1,000 kavu, tuchunge kwa wavu wa mbu. Zikibaki 400 juu, zirudi kusagwa. Mlimaji akinunua kokoto hizo, pesa yake imelala shambani.

3. Mazutu. Lita moja inasaga kilo ngapi zinazopita wavu?

Anayesaga afunge pua na mdomo kwa kitambaa, maana vumbi inaumiza mapafu. Mkanda wa motere ufunikwe.

Mwisho, shamba lenyewe. Tukiweka tani 2 kwa hekta, ni gramu 200 kwa kila meta mraba. Tulime vipande viwili, kimoja na chokaa, kingine bila, tupime maharagi ya vyote viwili. Tusizidishe: chokaa ikipita kiasi, mimea inakosa zinki.

Maulizo: Kipande cha meta 10 kwa 10 kinaomba kilo ngapi? Kwa nini tunaacha kipande kimoja bila chokaa?