Kasi ya Mchakamchaka

Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alikimbia zaidi ya saa mbili, kisha akatwaa ubingwa wa dunia wa maratoni kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake hadi hatua za mwisho kabisa.

Wengi wanaoanza mbio za barabarani hufanya kinyume cha Simbu, aliyetunza nguvu hadi mwisho. Wanatoka kama wanaokimbizwa, na kabla ya kilomita ya tatu wameshika kiuno.

Kujimaliza kabla ya mwisho ni kosa la kale. Maratoni ya kwanza ya Olimpiki, Athens 1896, ilikuwa ya kilomita 40 hivi. London 1908 ikaanzia kwenye kasri la Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la kifalme uwanjani; ndipo zilipopatikana zile kilomita 42.195, zilizofanywa rasmi mwaka 1921. Siku hiyo Mwitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani wa kwanza akiwa amejimaliza njiani. Akakosea upande, akaanguka mara kadhaa, akainuliwa na wasimamizi hadi kwenye utepe. Kwa sababu ya msaada huo akanyang’anywa ushindi.

Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na ukiongeza kasi unaumaliza haraka. Wakimbiaji wengi wa maratoni huhisi miguu imegeuka magogo kuanzia kilomita ya 30. Dawa yake ni kasi ambayo ulishaijua shuleni: mchakamchaka. Kama huwezi kuimba, au angalau kuongea sentensi nzima, punguza.

Anza siku tatu kwa wiki, dakika mbili za kukimbia na moja ya kutembea. (Kutembea si aibu, hata kama watoto wa mtaani watakucheka.) Siku moja ya wiki iwe ya mbio ndefu zaidi, nayo uirefushe kidogo kidogo. Pitia kilomita 5, 10, kisha nusu maratoni ya 21.1, kabla ya kuifikiria nzima.

Mwambao una joto na unyevu, hivyo toka alfajiri, ukiwa na nguo inayoonekana gizani. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, wewe kimbia kulia uyaone yakija. Kunywa maji kadiri ya kiu. Kujijaza kupita kiasi nako kuna hatari, kwani huzimua chumvi kwenye damu. Viatu vipya usivivae siku ya mashindano.

Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka kwenye maratoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, akamaliza na bendeji zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde. Tunamheshimu kwa haki. Lakini yeye alikuwa Olimpiki, na wewe Jumatatu una kazi. Goti likiuma hadi ukachechemea, rudi nyumbani. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika, simama papo hapo, omba msaada, uende hospitali.