Somo kwa Vyama vya Msingi: Deni la Taifa na Kodi Iliyomo Ndani ya Bei

Madhumuni ya somo

Mkulima wa Busawe, wilayani Serengeti, huenda hajapata kuingia katika ofisi ya kodi maishani mwake, wala hajapata kutia sahihi hati ya mkopo wa Serikali. Hata hivyo hulipa kodi kila anaponunua mche wa sabuni, na sehemu ya mapato ya kodi hutumika kulipa deni la Taifa. Somo hili linakusudia kumwezesha katibu wa chama kueleza mambo matatu mbele ya wanachama: namna deni la nchi linavyofika kwenye duka la kijijini, namna ya kuhesabu kodi iliyofichika ndani ya bei, na wajibu wa chama katika jambo hilo.

1. Deni linavyomfikia mwananchi

Serikali iliyolemewa na madeni ina njia chache tu. Yaweza kukopa tena ili kulipa mkopo wa zamani. Yaweza kuuza bidhaa nyingi zaidi nchi za nje. Yaweza kupunguza matumizi yake. Au yaweza kuongeza kodi. Kuuza zaidi huchukua miaka, kwa kuwa mkahawa haukui kwa amri. Kwa hiyo, shida inapobana, Serikali nyingi hukimbilia njia mbili za mwisho, na kodi inayopandishwa kwanza aghalabu ni ile ya matumizi. Sababu yake ni nyepesi: kila mtu hununua kitu.

Wanachama wazee waikumbuke kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Kodi ile ilikuwa na stakabadhi, na mtoza kodi wake alijulikana kwa sura. Mtu aliyeona ameonewa alijua aende wapi kulalamika. Kodi ya matumizi haibishi hodi. Hukaa kimya ndani ya bei, na mnunuzi hudhani kuwa ni mwenye duka aliyepandisha.

2. Funzo la miaka ya 1980

Nchi yetu iliwahi kupita katika shida hii. Bei ya mafuta duniani ilipanda kwa kishindo mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, jambo ambalo watu wa Sirari na Tarime walilihisi kuliko wengi. Bei ya kahawa, iliyokuwa juu sana mwaka 1977, ilishuka. Kisha vikafuata vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zilipungua, madeni yakaongezeka, na sabuni, chumvi, sukari na khanga vikawa adimu madukani.

Mwalimu Nyerere alibishana kwa miaka kadhaa na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya masharti yake. Katika bajeti ya mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, mapatano yalifikiwa na shilingi ikashushwa thamani: dola moja iliyonunuliwa kwa shilingi 17 hivi mwanzoni mwa mwaka huo ilifika shilingi 40 katikati yake. Bei ya zao ilipanda kwa shilingi, lakini jembe, baiskeli na dawa ya mimea navyo vilipanda. Ada za shule na michango ya matibabu, vitu ambavyo wananchi walikuwa wamezoea kuvipata bure, vilirudi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kubana matumizi ya Serikali na kuongeza kodi huishia mfuko mmoja. Huduma ikiondolewa, mzazi huinunua. Kodi ikiongezwa, mzazi yuleyule huilipa. Kinyume chake pia ni kweli: Tanzania ilipofikia hatua ya mwisho ya mpango wa kusamehewa madeni, Novemba 2001, ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, na watoto wakafurika madarasani.

3. Hesabu ya kodi ndani ya bei

Kodi ya ongezeko la thamani ilianza kutozwa Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998 kwa asilimia 20, ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo. Tangu mwaka 2009 kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kodi iliyomo hupatikana kwa kuzidisha bei ya dukani kwa 18, kisha kugawa kwa 118. Kwa hiyo, katika bidhaa ya shilingi 1,180, kodi ni shilingi 180.

*Mfano wa kwanza.* Kaya moja ina pato la shilingi 1,800,000 kwa mwaka, na hununua vitu vinavyotozwa kodi vya shilingi 590,000: sabuni, shuka, betri, viatu. Kodi iliyomo ni shilingi 90,000, yaani asilimia 5 ya pato. Kaya nyingine ina pato la shilingi 18,000,000 na hununua vitu vya namna hiyo vya shilingi 2,360,000. Kodi yake ni shilingi 360,000, yaani asilimia 2 ya pato. Tajiri amelipa shilingi nyingi zaidi, lakini mzigo mzito umebebwa na maskini, kwa maana yeye hana cha kuweka akiba.

*Mfano wa pili.* Chama kinaezeka ghala kwa mabati 200, kila moja shilingi 35,400. Jumla ni shilingi 7,080,000, na ndani yake kodi ni shilingi 1,080,000. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi hiyo, anayeuza bidhaa zinazotozwa kodi, huweza kudai kiasi alicholipa. Lakini sheria imesamehe mazao ghafi, na chama ambacho hakikusajiliwa hakina pa kudai. Kikikusanya kilo 120,000 za mazao, kodi ya mabati peke yake ni shilingi 9 kwa kila kilo, nazo zitatoka katika malipo ya mkulima. Msamaha wa kodi kwenye zao, basi, haumaanishi kwamba mkulima hakulipa.

4. Jirani ng'ambo ya Sirari

Wakuria huishi pande zote mbili za mpaka, na yaliyotokea Kenya mwaka 2024 hayakuwa hadithi ya mbali. Nchi hiyo ilidaiwa dola bilioni 2 za hati za dhamana zilizokuwa zifike mwisho Juni mwaka huo, na mwezi Februari ilikuwa imekopa upya, kwa riba kubwa, ili kununua sehemu ya hati hizo. Mwaka uliotangulia kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ya magari ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Mswada wa fedha wa mwaka 2024 ukapendekeza kodi ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia.

Baada ya malalamiko, mapendekezo hayo mawili yaliondolewa, lakini vijana hawakutulia. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha mswada uliobaki. Waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na watu wakauawa. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi. Mswada uliondoka, lakini deni lilibaki, na Serikali ilibidi ipunguze bajeti yake. Hapo ndipo penye funzo: kukataa kodi bila kujua deni lilikopwa kwa kazi gani ni nusu ya kazi tu.

Hapa kwetu, tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, wananchi walilalamika kwa utulivu, na Septemba mwaka huo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Sauti iliyotolewa mapema na yenye hesabu husikika.

5. Wajibu wa chama

Katibu hana budi kutenga, katika daftari la gharama, kiasi cha kodi kilichomo katika manunuzi makubwa, na kukitaja katika mkutano mkuu. Adai stakabadhi kila anaponunua. Bajeti ya Taifa inaposomwa mwezi Juni, halmashauri ya chama ichunguze vifungu vinavyogusa pembejeo, mafuta na usafirishaji, kisha ipeleke maoni kwa Chama Kikuu na kwa mbunge.

Lakini kabla ya kunyoosha kidole, chama kijitazame. Chama kinachokopa benki, kikashindwa kulipa, kisha kikaongeza makato kwa kila kilo bila idhini ya wanachama, kimewatenda wanachama wake yaleyale. Katika miaka ya 1980 na 1990 vyama vikuu vingi nchini vililemewa na madeni ya benki, na wakulima wakakopwa mazao yao. Makato nayo ni kodi iliyomo ndani ya bei. Chama chenye haki ya kuuliza "deni hili lilifanya nini?" ni kile ambacho kimekwisha kulijibu swali hilo mbele ya wanachama wake.

Maswali ya kujadiliwa

1. Chukueni stakabadhi tatu za manunuzi ya chama za mwaka uliopita. Kodi iliyomo ni kiasi gani, na ni shilingi ngapi kwa kila kilo ya zao?
2. Kwa nini kodi ya kiwango kimoja huwa nzito zaidi kwa kaya yenye pato dogo?
3. Tajeni makato yote anayokatwa mwanachama katika chama chenu. Ni yapi yaliyoidhinishwa na mkutano mkuu, na ni yapi ambayo hakuna anayekumbuka asili yake?
4. Je, chama chenu kina deni? Lilikopwa lini, kwa kazi gani, na nani analilipa?